Sahani ya Babu Grimulf

Sahani ilikuwa imeliwa. Hawise aliiona mchana kweupe, wageni wakiwa bado mezani: mifupa ya nguruwe imetafunwa ikawa unga, na kwenye kile kiti kitupu maji yanachuruzika, yananuka mwani uliooza.

Na yote haya kwa nini? Kiburi cha mumewe tu! Jirani yao Fulk alimwita Bwana Serlo, baroni mzima mwenye ngome yake, "mjukuu wa mkamua ng'ombe," tena mbele za watu. Basi Serlo akakosa raha. Akamtuma mtawa Ansgot amtafutie asili ya ukoo wake, naye Ansgot akazunguka pwani yote ya Normandi akiwahoji vikongwe, akarudi na Grimulf: mtu wa meli kutoka kaskazini, muuaji, aliyekufa akimtemea mate padri aliyetaka kumbatiza. Serlo alifurahi kama mtoto. Akaandaa karamu, akamwalika Fulk makusudi.

Kwa desturi yao, marehemu wa ukoo hutengewa kiti kitupu na sahani, jina lake likatajwa, kisha chakula kile akapewa maskini mlangoni amwombee. Serlo alilitaja jina la Grimulf, tena kwa sauti. Lakini maskini akafukuzwa.

"Chakula cha babu yangu kiliwe na ombaomba? Kiacheni hapo hapo!"

Sasa kitu kilikuwa kinatafuna, na hakionekani.

"Bibi, usipige kelele," Ansgot alinong'ona. "Maskini ndiye hula kwa niaba ya wafu. Huyu tumemkaribisha ale mwenyewe."

"Mtoe basi!"

"Siwezi. Ameitwa kwa undugu, atatoka kwa kukanwa. Bwana amkane mbele ya hawa hawa waliomsikia. Upesi, bibi, nyama imekwisha."

Kweli, kile kiti kilisogea, na nyayo za maji zikaanza kujichora sakafuni, moja baada ya nyingine, bila haraka, zikipita nyuma ya wageni waliokaa wameganda na vikombe mikononi, zikimpita mbwa aliyejikojolea chini ya meza, na kule kutafuna kukienda nazo, krak, krak, hadi kwenye susu alimolazwa Osbern, mtoto pekee aliyembakia Hawise baada ya kuzika wawili.

Alimrukia mumewe, akamkamata mkono.

"Sema, mume wangu! Sema babu yako alikamua ng'ombe! Ni neno tu!"

Fulk alikuwa mweupe kwa hofu, lakini ulimi wake haukujua kutulia. "Ehe, baroni, tuambie. Maziwa yalikuwa matamu?"

Serlo akaitazama susu. Akamtazama Fulk. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Serlo, nakuomba! Mwanao!"

"Mimi ni damu ya Grimulf," alisema Serlo, "na anayebisha achomoe upanga!"

Kutafuna kukakoma. Ile harufu ikakatika. Fulk akainamisha kichwa, na Serlo akacheka kwa nguvu.

"Umeona, mke wangu? Ameshakwenda zake."

Hawise alimwinua mtoto. Alikuwa mzito, amelowa, baridi, wala halii. Mtoto akamtazama baba yake juu ya bega la mama, akafungua kinywa, na ikatoka sauti nene ya mzee aliyekaushwa koo na chumvi ya bahari.

"Umejibu vyema, mjukuu wangu. Haya, niletee nyama."