Maji ya Kwanza

Katekista alikuwa amelala kifudifudi sakristia, chumba cha mavazi ya misa, kichwa kimepasuka nyuma ya sikio, mkono mmoja bado umeng'ang'ania rejista ya ubatizo. Padre ndiye aliyemkuta, saa kumi alasiri, aliporudi kutoka kumpaka mgonjwa mafuta. Alikuwa anapumua, lakini kwa taabu.

Inspekta alifika gari la wagonjwa likiondoka. Hakuwa mwanamke wa kutulia. Alikizunguka kile chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia: kabati la mavazi, meza, kinara kizito cha shaba, sinki, kamba yenye kitambaa cheupe kimoja, kimelowa.

"Afande, ukurasa mmoja umechanwa," konstebo alisema, ameiinamia rejista.

"Ulikuwa na nini?"

"Majina ya watoto kumi na wawili," alijibu padre. "Walibatizwa miaka hamsini na kitu iliyopita. Jamani, nani ampasue mtu kichwa kwa ajili ya ubatizo?"

"Na yeye rejista aliitoa ya nini?"

"Jumapili tuna jubilei ya ndoa. Wiki ya tatu sasa anaandaa vyeti vya wanaotimiza miaka thelathini."

Kabla ya magharibi mwalimu wa kwaya alikuwa mahabusu. Mtaa mzima ulimwita Bwana Solfa. Jumapili iliyopita, mbele ya kwaya nzima, alimwambia katekista "Utanitambua!" kwa sababu kinanda kilifungiwa stoo. Ushahidi gani tena watu wanataka?

"Akutambue vipi?" Inspekta aliuliza, amesimama.

"Kwa kinanda kingine, afande! Ningeleta cha shemeji yangu, aone haya."

"Saa tisa mpaka saa kumi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nimelala."

"Na nani?"

"Na njaa."

Konstebo alicheka. Inspekta hakucheka. Mkuu wake alishapiga simu mara tatu, anataka jalada lifungwe. Katekista akifa, huyu mcheshi atasimama kortini kwa mauaji, na Inspekta hakuamini hata kidogo kwamba ndiye. Usiku ule hakupata lepe la usingizi.

Asubuhi ripoti ya uchunguzi ilikuwa mezani. Kinara kimefutwa, hakina alama ya kidole hata moja. Kitambaa kimefuliwa, ila damu bado imo kwenye nyuzi. Sinki na bomba lake safi kabisa. Damu nyingine ilipatikana nje, kwenye udongo chini ya maua, pale mtu alipomwaga maji.

Inspekta aliisoma mara mbili, kisha akashuka mahabusu mbio.

"Wewe, ukifua kitambaa maji unamwaga wapi?"

Bwana Solfa alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Kwenye sinki. Wapi tena, afande, kichwani?"

Hilo ndilo jibu la kila mtu. Inspekta alimfuata padre ofisini kwake na hata salamu alisahau.

"Baba, mhalifu ana haraka. Sinki iko hatua mbili. Yeye anabeba beseni nje, mchana kweupe, anamwaga maji chini ya maua. Kwa nini?"

Padre alivua miwani. "Kitambaa kile ni cha kufutia kalisi, kikombe cha divai ya misa. Maji yake ya kwanza hayaingii kwenye bomba la uchafu. Humwagwa ardhini, kwa heshima ya Damu ya Bwana."

"Nani ana mazoea hayo?"

"Katekista anajua. Mimi pia."

"Wewe ulikuwa kwa mgonjwa, mbele ya watu saba. Nimeshawauliza. Nani mwingine?"

"Mama Vitambaa," padre alisema kwa shida. "Ndiye anayetufulia vitambaa vya altare. Lakini yule mama, binti yangu, hata nzi hamfukuzi."

Mama Vitambaa alikuwa chumba cha nyuma, anapiga pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Nitasimama. Kile kitambaa cha jana nani alikifua?"

"Mimi. Kila Alhamisi nafua."

"Maji yake?"

"Nilimwaga kwenye maua. Ndivyo inavyotakiwa."

"Yalikuwa na damu ya katekista, mama."

Pasi ilibaki palepale mpaka kitambaa kikaanza kunuka moshi. Inspekta ndiye aliyeiinua.

"Mkono ulikwenda wenyewe," Mama Vitambaa alisema. "Nilijua nimeua mtu. Nikafuta kinara, nikafua, nikamwaga nje. Miaka thelathini, mkono unajua kazi yake."

Kituoni alieleza yote bila kuulizwa mara mbili.

"Niliolewa nina miaka kumi na tisa, parokia ya mbali. Yule mwanamume alinipiga mpaka mimba ikatoka. Nikatoroka. Nikarudi hapa kwetu na huyu niliye naye, watu wakasema karibuni, bwana na bibi. Nani angeuliza? Lakini ndoa ya kanisani huandikwa pembeni mwa jina lako, pale ulipobatizwa. Na yangu iliandikwa. Kila siku napita mbele ya lile kabati, moyo uko mkononi."

"Katekista akaiona alipoandaa cheti chenu cha jubilei."

"Akaniita. Akasema, mama, jina la mume lililo hapa silo ninalolijua, hebu kaa nikuambie. Sikukaa! Nilijua watanivua kila kitu hadharani, komunyo, kazi, mume. Nikauchana ukurasa. Akashika kitabu, anasema subiri, mama, subiri. Nikashika kinara."

"Ukurasa uko wapi?"

"Niliutia motoni."

Mlango uligongwa. Aliingia konstebo aliyekuwa akilinda hospitali, daftari mkononi, anahema.

"Afande, katekista amezinduka! Daktari anasema atapona. Ametoa maelezo."

"Soma."

"'Mwambieni Mama Vitambaa yule mume wake wa kwanza alishakufa, miaka kumi na miwili sasa. Niliwaandikia parokia yao, wakanijibu. Ndilo nililomwitia. Nilitaka akikubali nimwone padre, awafungishe ndoa kimyakimya, wasiaibike.'"

Mama Vitambaa alimtazama konstebo, kisha Inspekta.

"Miaka kumi na miwili," alisema. "Kumbe namkimbia maiti!"

Alicheka, na kicheko chenyewe kikageuka kilio. Inspekta alimwagiza konstebo akamfungulie Bwana Solfa, kisha akavuta fomu ya mashtaka, maana sheria ni msumeno. Jina. Umri. Kazi.

"Hali ya ndoa?" aliuliza kwa mazoea, na papo hapo akatamani aumeze ulimi wake.

Mama Vitambaa alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Andika mjane."

Inspekta aliandika. Nje, kwenye benchi, mume wa Mama Vitambaa alikuwa akimuuliza askari wa zamu, kwa mara ya nne, mke wake atatoka saa ngapi.