Neno la Siri la Ambrose

Sebuleni kwa Mzee Nsajigwa, kijijini Ikolo, walikuwepo watu sita: mwenye nyumba; dada yake Naomi; Ambrose, mchumba wa binti wa nyumba hiyo; Ezra, baba mdogo wa Ambrose na mshenga wake; Mercy, mhudumu wa duka la intaneti mjini Kyela, aliyeletwa kama shahidi; na Tulinagwe, binti mwenyewe, aliyeitisha kikao. Baba yake Ambrose hakuwepo, wala hakutarajiwa. Kwa mila ya Wanyakyusa, mwanamke haonani na baba mkwe wake, na jina lake halitamki. Tulinagwe alikuwa ameshika mwiko huo tangu siku ng'ombe wa mahari walipoingia zizini.

"Soma, shangazi," alisema, akimpa Naomi karatasi iliyochapwa. "Soma kwa sauti, ili asiseme nimezusha."

Naomi akasoma. "Doreen wangu, tangu nilipolala kwako sina raha. Huyu wa Ikolo ni chaguo la wazazi, wewe ni chaguo la moyo. Wako, Ambrose."

Ezra akakohoa, akatazama miguu yake.

Doreen alijulikana. Alikuwa mfanyabiashara wa Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, aliyenunua mchele wa Ambrose. Tangu intaneti ilipofika mjini, mwaka ule wa 2004, Ambrose aliacha kupeleka habari za bei kwa mdomo. Kila wiki alikwenda kumwandikia barua pepe, naye Tulinagwe kila wiki akabaki nyumbani akimwona Doreen akilini: mara mrefu, mara mweupe, mara ana sauti nyororo. Wivu ukamkondesha. Mwishowe akamwomba mchumba wake neno la siri, na Ambrose akampa bila kusita, huku akicheka. Lilikuwa jina la baba yake Ambrose.

Akaenda mjini, akaketi mbele ya kompyuta, akashindwa. Vidole viligoma. Jina asiloweza kulitamka angeliandikaje? Mercy alipomwona analia akajitolea kumsaidia, akafungua ile barua na kuichapa.

"Sikuandika hiyo," Ambrose alisema. "Lakini sasa nimeelewa kwa nini mume wa Doreen amenifukuza dukani kwake wiki hii."

"Imetoka sanduku la barua la nani, Ambrose?"

"Langu."

"Jina la nani chini?"

"Langu. Tuli, nisikilize."

"Nimekusikiliza mwaka mzima."

Ezra, aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu, aliwaomba wasimhukumu kijana haraka. Alieleza kwa kirefu kwamba barua hizi hupita hewani, na usiku redio za Malawi huingia ndani ya redio zetu bila kualikwa. Basi huenda na barua ya mtu wa Malawi imepotea njia ikavaa jina la Ambrose. Mzee Nsajigwa alimjibu kwa upole kwamba redio iliyopotea njia haijui kwamba kuna binti Ikolo.

Naomi ndiye aliyekuwa bado ameishika karatasi. Akaisogeza karibu na dirisha.

"Kaka, hapa juu pana tarehe. Si ndiyo siku tuliyomzika mama yetu?"

Ilikuwa siku hiyo hiyo. Siku ile Ambrose alichimba kaburi pamoja na vijana wa Ikolo tangu asubuhi, akabeba jeneza, akalala matangani. Kila mmoja pale alimwona. Tulinagwe mwenyewe alimpelekea maji ya kunawa.

"Basi nani mwingine analijua neno hilo?" Mzee Nsajigwa aliuliza.

Ambrose akainamisha kichwa. "Wengi, baba. Wanaume pale mjini karibu wote tumeweka majina ya baba zetu."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa mzaha tu. Tulisema mke hawezi kuligusa."

Naomi akacheka kicheko kikavu. "Ndaga, asante sana, mwanangu. Umezungushia nyumba uzio wenye milango kila upande, ukamfungia nje mkeo peke yake."

Tulinagwe hakucheka. Alikuwa amemgeukia Mercy.

"Siku ile nilikuambia nimeshindwa kuliandika neno. Sikukuambia ni neno gani. Ukaketi, ukafungua."

"Wote wanaweka hivyo. Amesema mwenyewe."

"Na siku ya msiba? Ulinitumia salamu kwamba umebaki dukani peke yako."

Mercy alivuta kitenge chake magotini. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi ndiye niliyemfundisha Ambrose hata kushika kipanya. Alikuwa anakaa karibu yangu, ananiita mwalimu wake. Nikadhani anakuja kwa ajili yangu. Nilijua siku moja utakuja kumchunguza, na ukiiona barua utamwacha."

"Kwa hiyo ukaituma kweli? Kwa mke wa mtu?"

"Nilitaka ionekane ya kweli."

Mzee Nsajigwa akamwomba Mercy aende zake. Alipotoka hakuna aliyemsindikiza. Ezra, kwa kuona hatari imepita, akaanza kumpongeza kijana wake, lakini Tulinagwe alisimama, naye Ezra akakatiza maneno yake.

"Mercy amenidanganya, na nimesikia sababu yake. Wewe, Ambrose, hukunidanganya. Uliichukua heshima ninayompa baba yako ukaifanya kufuli dhidi yangu, ukacheka na wenzako. Hilo limeniuma kuliko Doreen."

"Nimekosa, Tuli."

"Umekosa. Nami nimekosa kwa kutaka kusoma ya kwako." Akawageukia wengine. "Baba, shangazi, baba mdogo, naomba mnisikilize. Ng'ombe wasirudi. Kesho Ambrose atakwenda Karonga na baba mdogo kumweleza mume wa Doreen ukweli, kisha atachagua neno jingine asilolijua mtu yeyote. Hata mimi asinitajie, sitalihitaji. Mwambieni baba mkwe kwamba harusi iko palepale."