Wasomaji wa Blogu ya Zulfa

Siku yalipotoka matokeo ya kidato cha nne, intaneti kafe ya Ramson mjini Songea ilifurika watu hadi barazani. Mtandao ulikuwa wa kujikongoja, na kila aliyepata kompyuta alikuwa na kundi zima mgongoni. Katikati ya msukumano huo akaingia binti mwenye gauni la kitenge cha rangi ya embe, mabega yameshonwa kwa mikunjo, ushungi mweupe umemkaa sawasawa. Ramson akasahau namba ya shule aliyokuwa akiiandika.

"Kaka, namtafutia mdogo wangu matokeo. Au mpaka nipige magoti?"

"Ukipiga magoti wewe, dada, mimi nafunga kafe leo leo."

Akacheka. Aliitwa Zulfa, mzaliwa wa Nalasi, fundi cherehani pale Lizaboni. Mdogo wake alikuwa amefaulu, alhamdulillahi, na gauni lile alilishona mwenyewe.

Ramson hakuwa mwepesi wa maneno ya mahaba, basi akatongoza kwa alichokijua. Alimfungulia blogu ya mishono. Akamtafutia mtandaoni vifaa vya bure wanavyotumia watengeneza tovuti: cha kupunguza picha ili zifunguke upesi, cha kuchagulia rangi zinazopatana, na kihesabu wageni, kile kijinamba kinachoongezeka kila ukurasa unapofunguliwa. Jioni walikaa bega kwa bega wakibishana.

"Hiyo bluu imepauka, Ramson. Wewe na rangi ni mbali na mbali."

"Na wewe na kipanya je? Unakishika kama pasi ya mkaa!"

Ndipo mama mkubwa wa Zulfa, aliyemlea, akapiga simu kutoka Nalasi: duka limemwelemea, Zulfa arudi alisimamie. Zulfa hakuzunguka. "Watu wakinisoma, nabaki," alimwambia Ramson. "Wasiponisoma, hapa nabakia nini?"

Aliuliza huku akimtazama usoni. Mwanamume mwenye akili angejua anaulizwa nini. Ramson akawaza kanisa lake yeye na msikiti wa Zulfa, akawaza baba yake kule Mbamba Bay, akageukia kompyuta. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya wateja, alizunguka kompyuta moja baada ya nyingine akifungua blogu ya Zulfa, tena na tena.

Kijinamba kikapanda. Zulfa akang'aa. Akampigia mama mkubwa kumwambia asimngoje, wakarushiana maneno mpaka simu ikakatwa. Akaanza kusema "wasomaji wangu." Kila alipolitamka hilo Ramson alijiona mwizi, lakini kesho yake alizunguka tena.

Kisha malaria ikamlaza nyumbani kwake Matogoro wiki nzima. Zulfa akaja kumjulia hali na chupa ya uji. Akammiminia, akamsubiri anywe.

"Ramson, tangu uugue, kile kijinamba hakisogei. Kinasogea nikifungua mimi tu."

Angeweza kusingizia mtandao. Badala yake aliinamisha macho kwenye kikombe cha uji.

"Wote walikuwa wewe?"

"Nilitaka ubaki, mpenzi wangu."

"Ungesema, 'Zulfa, baki.' Basi! Ningebaki hata bila msomaji mmoja."

"Nasema sasa. Baki."

"Umechelewa. Nimegombana na aliyenilea kwa ajili ya watu ambao hawapo. Leo ukisema unanipenda, nitajuaje kama si kunionea huruma tena?"

Hakulia. Alisuuza kikombe, akakifunika, akatoka.

Siku aliyopata nguvu ya kukaa kitandani, Ramson alimpigia simu. Akasikia ngurumo ya basi na watu wakizozana juu ya mizigo. Zulfa alikuwa njiani kwenda Tunduru, anarudi Nalasi.

"Zulfa, magauni yako ni mazuri kweli. Hapo sikukudanganya."

"Najua ni mazuri," alijibu. "Ndiyo maana inaniuma. Ungeniacha nisubiri wasomaji wa kweli, wangekuja polepole, na wewe ukiwa pembeni yangu."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila sirudi. Malizia dawa, Ramson. Usiziache kwa kuwa umepata nafuu."

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa, na Ramson alilia kwa sauti, mtu mzima, kwa jambo ambalo neno moja lingelitosha.