Kahawa ya Mkaguzi

Saa mbili asubuhi foleni ya dirisha namba tatu ilikuwa imeshatoka nje ya mlango, na Ghizlan alikuwa mtu wa kumi na tisa. Alivaa jalaba la rangi ya haradali alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, na chini yake buti za mpira zenye tope la kitalu, maana viatu vyake vizuri alivisahau kwenye gari la jirani aliyempa lifti kutoka kwao Bouskoura mpaka bandarini. Kwapani alibana bahasha yenye orodha ya miche elfu tatu ya komamanga, barua ya mnunuzi wa Dakar, na fomu ya kuomba cheti cha afya ya mimea. Bila cheti hicho hakuna mche unaotoka Casablanca, hata ungekuwa umebebwa na waziri.

"Dada, hizo buti umekuja kuvua samaki?" aliuliza mwanamume aliyekuwa nyuma yake.

Ghizlan aligeuka tayari kwa ugomvi. Alimwona mtu mrefu, mwembamba, shati la buluu limekunjwa mikono, kucha zina udongo, anakula sfenji, andazi la moto lililolowesha karatasi kwa mafuta. Alimdhania mtu wa vitalu kama yeye. Yule bwana akamkatia kipande cha andazi lake, akamuuliza jina, na alipolisikia akatabasamu.

"Ghizlan maana yake swala, tena si mmoja, ni kundi zima," alisema. "Kundi zima na jozi moja ya buti."

Alicheka bila kutaka. Foleni ilikuwa ndefu na mtu yule alijua kusikiliza, kwa hiyo Ghizlan akajikuta anamweleza mambo yake yote. Baba yake alifariki mwaka juzi akamwachia kitalu. Miaka yote miti yao ilivuka bahari kwa majina ya watu wengine, kwa sababu baba aliogopa ofisi na akawaachia mawakala kila kitu. Huu ulikuwa mzigo wa kwanza kwa jina la kitalu chenyewe. Wakala wa zamani wa baba, mzee Buazza ambaye watu humwita Si Buazza kwa heshima, alitaka dirham elfu nne za ukaguzi. Ghizlan alipomwomba risiti, mzee huyo alimtazama kwa huruma.

"Binti yangu," alimwambia, "kahawa haina risiti."

Hapa Casablanca kila mtu anaijua kahawa hiyo. Haina sukari wala kikombe. Mwenye muhuri akisema anatamani kahawa, unatia mkono mfukoni, na ukijifanya hujaelewa karatasi zako zinapotea chini ya karatasi nyingine. Ndiyo maana Ghizlan aliamua kuja mwenyewe, na alipofika akaona ada imebandikwa ukutani, waziwazi, haifiki hata moja ya kumi ya alichotajiwa. Damu ilimchemka.

"Hawa wakaguzi," alisema, bila kupunguza sauti, "wangekuwa wadudu, mizigo yetu yote ingekataliwa."

Mwenye andazi akapaliwa. "Wote?"

"Wote. Nionyeshe mmoja asiyekunywa."

"Labda yuko mmoja mwenye vidonda vya tumbo," alisema yule bwana, akatazama saa yake, akaomba radhi na kutoka kwenye foleni.

Ghizlan alilipa, akapewa risiti yenye muhuri, akaelekezwa chumba cha wakaguzi. Nyuma ya meza alikaa mtu yule yule, sasa amevaa koti jeupe lenye jina lake kifuani: Nawfal Lamrini. Ghizlan alitamani sakafu immeze.

"Kaa, dada," alisema Nawfal. "Mimi ndiye mwenye vidonda vya tumbo." Akamweleza kwamba kila Jumatatu husimama kwenye foleni kabla ya kazi, asikie watu wametozwa nini, na nani, kwa jina lake.

Jumatano alikwenda Bouskoura kukagua. Hakuwa na mzaha tena. Aling'oa miche huku na huku, akaosha mizizi kwenye ndoo, akaichana kwa kisu, akaichungulia kwa kioo cha kukuzia. Akaikataa miche mia nne kwa sababu ya udongo ulioganda kwenye mizizi, maana ndani ya udongo huwamo minyoo isiyoonekana kwa macho. Mingine yote ioshwe upya. Ghizlan alimjia juu, akamwambia baba yake alipanda komamanga kabla yeye hajajua kushika jembe. Nawfal alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Dakar wana udongo wao na hawajaomba wa Bouskoura.

Mama yake Ghizlan, Mi Fadma, alileta chai ya mnanaa na chapati za msemen zenye asali. Nawfal akashukuru, akaweka mikono nyuma na kukataa. Mi Fadma alinuna, kwani tangu aolewe hakuna mgeni aliyetoka kwake mdomo mkavu.

"Mama, unisamehe," alisema Nawfal. "Nikiwa na koti hili sinywi hata maji ya mtu."

Ghizlan alikuwa bado na hasira ya miche mia nne, lakini maneno hayo yalimwingia. Alimsindikiza mpaka barabarani, na njiani hawakuzungumzia mizizi.

Simu zikaanza. Ya kwanza ilikuwa ya kikazi kabisa: Nawfal aliuliza kama maji ya kuoshea yana nguvu. Ya pili Ghizlan ndiye aliyepiga, kuuliza jambo alilokuwa analijua. Kufikia mwisho wa wiki kila mmoja alikuwa anaijua saa ya mwenzake ya kupumzika.

"Umeosha mingapi leo?"

"Mia saba. Mikono imekuwa ya bibi kizee."

"Hiyo nayo nitahitaji kuikagua."

"Mkaguzi, hayo yamo kwenye fomu?"

"Yamo nyuma, kwa herufi ndogo. Watu hawasomi."

Mama alimsikia binti yake akicheka peke yake kati ya mapipa ya maji, akanyamaza kwa makusudi.

Ukaguzi wa pili ulipita. Jumanne Ghizlan alikabidhiwa cheti, Jumatano kontena likafungwa na kupakiwa. Alhamisi adhuhuri, akiwa amekaa kwenye ngazi za nyumba na miguu yake ndani ya beseni, simu ikalia. Alikuwa ameamua kumwambia siku hiyo kwamba asipompigia yeye huona siku haijaanza.

"Cheti unacho?" aliuliza Nawfal.

"Ninacho. Mzigo umeondoka."

"Basi kazi yangu na wewe imekwisha." Akakohoa kidogo. Sauti yake ilikuwa ngeni. "Sasa, Ghizlan, nadhani nimestahili kahawa."

Ghizlan alikata simu.

Alikaa akiitazama kama kitu kilichomuuma. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Foleni, andazi, mikono nyuma mbele ya mama yake, vicheko vya alasiri, vyote vilikuwa njia ndefu ya kufika kwenye neno lile. Tena huyu alikuwa mjanja kuliko wenzake: alingoja mzigo uondoke ili asishikwe. Simu iliita tena mara nne, kisha akamfungia asiweze kupiga. Alilia kwa hasira, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba alilia. Kesho yake aliandika malalamiko ukurasa mzima, akataja jina, siku na saa, akayapeleka mwenyewe kwa mkuu wa ofisi.

Kwenye ngazi alikutana na Si Buazza na mkoba wake wa mafaili, macho ya mzee yakaangukia karatasi ya malalamiko mkononi mwake. "Nilikwambia," alisema mzee, akitikisa kichwa. "Ungenipa mimi, usingeumia." Ghizlan alipita bila kumjibu, akijiona mjinga mara mbili.

Zilipita wiki tatu, habari ikaenea foleni nzima, na Nawfal akavuliwa koti akapelekwa stoo. Mkuu wa ofisi, Lalla Turia, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni, akamwita.

"Alikutajia kiasi?" aliuliza.

"Hapana. Alisema kahawa."

"Alikutajia mahali pa kuipeleka?"

"Nilikata simu."

"Na siku hiyo cheti kilikuwa kwa nani?"

"Kwangu. Mzigo ulikuwa umeondoka."

"Kwa hiyo hakubakiwa na kitu cha kukuuzia." Lalla Turia alivuta karatasi kutoka kwenye faili. "Hii imepokelewa masijala Alhamisi hiyo hiyo, saa tatu asubuhi, kabla hajakupigia. Yeye mwenyewe hakuitaja alipohojiwa. Imetafutwa na karani. Soma."

Barua ilikuwa fupi. Nawfal Lamrini aliomba asipangiwe tena kazi ya kitalu cha Bi Ghizlan Wardighi, na sahihi yake isitumike kwenye mizigo yake kuanzia siku hiyo, kwa kuwa alikuwa na nia ya kumposa.

Ghizlan alisoma mstari wa mwisho mara tatu.

"Nimekaa ofisi hii miaka ishirini na sita," alisema Lalla Turia. "Sijamwona mla rushwa anayeandikia ofisi barua kwanza."

Aibu ilimshika mpaka masikioni, na nyuma ya aibu ikaja hasira mpya, kubwa kuliko ya kwanza. Wanywa kahawa hao walikuwa wamekula jasho la baba yake miaka thelathini, hawakushiba, wakalila na neno lenyewe. Leo mwanamume mwenye heshima zake hawezi kumwambia mwanamke njoo tukae tunywe kahawa, mpaka aonekane mwizi. Nani aliwapa neno hilo? Na yeye Ghizlan, aliyejiona mjanja wa kudai risiti, alilipokea kutoka kinywani mwa Buazza bila kuuliza, akampiga nalo mtu pekee katika jengo lile asiyekunywa.

Alimkuta Nawfal kwenye stoo, bila koti, akipanga fomu za zamani kwenye maboksi. Alikuwa amekonda. Ghizlan alimwambia barua ameiona, amekosa, anaomba msamaha. Nawfal aliendelea kupanga.

"Nimeshakusikia," alisema. "Mimi na maboksi haya."

"Lakini neno lile ulilijua, Nawfal. Uko hapa miaka tisa."

"Nililijua. Kila siku nalijua." Aliweka fomu chini. "Siku ile nililisahau. Nilikuwa nawaza utakaa kiti gani, na mimi nitaanza na sentensi gani. Ukanikatia simu, ukaniita mwizi mbele ya watu wote wa foleni ile, na sasa umekuja kunisafisha kwenye vumbi ambako hakuna anayesikia."

Ghizlan aliufungua mlango. Alitoka, akashuka mpaka ukumbi wa dirisha namba tatu. Ilikaribia saa sita, foleni imejaa, na Si Buazza yuko mbele na mafaili ya watu sita. Ghizlan alijipenyeza katikati ya watu. Alipanda juu ya benchi la wazee.

"Mimi ni Ghizlan Wardighi wa kitalu cha Bouskoura," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika malalamiko juu ya mkaguzi Nawfal Lamrini nikisema ameniomba kahawa. Mmesikia wote. Basi sikieni na hili. Nilikosea. Hakuniomba hata senti, na mama yangu alipompa chai aliikataa. Aliyeniomba ni huyu hapa. Alitaka elfu nne, akasema ni za mkaguzi. Ada yenyewe ni hiyo ukutani, someni."

Watu waligeukia ukuta. Si Buazza alianza kusema kwamba yeye ni mtu mzima na msichana huyu amechanganyikiwa. Mzee mmoja aliyebeba sanduku la matunda ya dungusi alimkatiza kwa upole kabisa.

"Mimi ulinitoza mara mbili, Si Buazza. Ukasema mkaguzi ana mgonjwa."

"Mimi uliniambia ana harusi," alisema mwanamke wa maua.

Wengine wakaanza kuulizana, mpaka ikabainika kwamba kwa hesabu ya Si Buazza wakaguzi wa bandari ile walikuwa wameoa na kuugua kila mwezi kwa miaka kumi. Hakuna aliyecheka. Lalla Turia alitoka na daftari, akasema kila mtu aandike yake kwa mkono wake, na Si Buazza asiondoke. Mzee wa dungusi aliweka sanduku lake mlangoni, akakaa juu yake.

Ghizlan aliposhuka kwenye benchi alimwona Nawfal amesimama kwenye mlango wa pembeni, vumbi la stoo limemjaa kifuani. Watu waliompita walimpa mkono. Mmoja alimbusu begani. Alingoja wapungue, kisha akamjia.

"Nani alikwambia upande benchi?"

"Hakuna."

"Bado nimekasirika, Ghizlan. Sikufichi. Na hasira yangu si ya wiki moja wala mbili."

"Kasirika. Ni haki yako."

"Ile barua ya masijala sijaiondoa. Mzigo wako mwingine utakaguliwa na mtu mkali kuliko mimi."

"Aje. Mizizi ni misafi."

Nawfal alijifuta vumbi, akaona haliishi, akaacha. "Jumapili nakuja Bouskoura na mama yangu. Kama mtatufukuza, mniambie sasa, kwa sababu mama anaumwa miguu. Lakini nakuja na hasira yangu, sina pa kuiacha."

"Njoo nayo," alisema Ghizlan. "Nyumba yetu ina nafasi."