Mama, Nitaacha Alama

Kila asubuhi kijijini Mochudi, nchini Botswana, Gorata alifagia ua wake. Alifagia kinyumenyume, mistari ikabaki imenyooka kwenye mchanga. Wapita njia walisimama kumsifu. Naye, jamani, alizipenda sifa hizo!

Lakini ole wake atakayeukanyaga.

"Larona! Umeshaniharibia ua! Ingia ndani!"

Larona, mwanawe, alikuwa na miaka minne. Mchana kutwa alikaa ndani na televisheni.

Jumamosi moja jirani yao, Mma Seabelo, yaani Mama Seabelo, mwalimu wa chekechea, alikuwa na harusi ya mwanawe. Majirani walikwenda kumsaidia kupika. Nyuma ya nyumba watoto walicheza kupikapika, wakikoroga tope kwenye mikebe. Larona peke yake alisimama juu ya jiwe, miguu kaibana, analia.

"Anaogopa mchanga!" mtoto mmoja akapiga kelele. Wanawake wakaangua kicheko.

Gorata akamvuta mkono. "Shuka ukacheze! Unanitia aibu mbele za watu."

"Mama, nitaacha alama," Larona akasema kwa kwikwi.

Kicheko kikakatika. Gorata alitamani ardhi impasukie. Kumbe mwanawe hakuogopa mchanga. Alimwogopa yeye.

Mma Seabelo akamwita kando.

"Mimi ni mama gani, Mma?" Gorata akasema, macho chini.

"Ni mama anayeweza kubadilika. Mtoto hujifunza kwa kucheza. Akikimbia, anapata nguvu. Akicheza na wenzake, anajifunza kuongea na kungoja zamu. Televisheni haimpi hayo."

"Basi nimsukume ashuke?"

"Thubutu! Usimlazimishe. Anza wewe. Keti mchangani asubuhi, jua halijawa kali. Mvalishe nguo kuukuu. Mpe mikebe na maji kidogo, nawe usiondoke. Akitaka kutazama tu, mwache atazame. Mkimaliza, naweni mikono kwa sabuni."

"Niketi mchangani, mimi? Watu watasema nini?"

"Watasema. Kwani hapa hawajasema?"

Kesho yake Gorata hakufagia. Aliketi uani, akaanza kufinyanga tope. Aliona haya kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Larona alichungulia mlangoni, akarudi ndani. Siku iliyofuata akasogea, akatia kidole, kisha akamtazama mama yake usoni. Gorata akatabasamu. Mtoto akatia mkono mzima.

Mwezi ulipoisha, watoto wa jirani walikuwa wakija kumwita Larona kila siku. Alikula vizuri, akalala vizuri, na maneno hayakumwisha mdomoni.

Asubuhi moja wanawake wawili walipita.

"He! Mma Larona, siku hizi fagio limekushinda?"

Uso ulimwaka Gorata. Akaficha nyuma mikono yake yenye tope.

"Mama!" Larona aliita katikati ya ua uliojaa mashimo na nyayo. "Njoo upesi, ugali wangu unaungua!"

Gorata akaitoa mikono.

"Karibuni mle," akawaambia wale wanawake, akamkimbilia mwanawe.