Kipimakauli cha Malmo

Kipimakauli kilimsikiliza mzee wa Kipolandi kwa sekunde tatu, kikawasha taa ya kijani, lango likafunguka. Kikamsikiliza kijana aliyedai anakwenda mkutanoni, kikawasha nyekundu: alikuwa anakwenda kwa mchumba. Foleni ikacheka, kijana akaondoka kichwa chini.

Hivyo ndivyo watu walivyovuka kutoka Malmo kwenda Kopenhagen mwaka 2094. Hapakuwa na pasipoti, viza wala mihuri. Ulisimama mbele ya bamba la chuma lenye ukubwa wa sinia, ukataja kwa lugha uliyozaliwa nayo unakwenda wapi na kwa nani, na mashine ikapima kila neno dhidi ya mapigo ya moyo wako, alama ya damu yako na kumbukumbu za nchi zote. Jamaa yeyote wa mgonjwa aliruhusiwa kuingia siku hiyohiyo, mradi kauli yake iwe kweli.

Mhandisi Sikujua Mhando alikuwa wa pili kwenye foleni, na hakutulia hata kidogo. Alihamisha mkoba bega hili, akaurudisha lile, akatazama saa. Saa nne na nusu. Saa sita kamili mama yake, Mwanaidi, angeingizwa kwenye upasuaji wa moyo, na madaktari walishasema bila kuficha kwamba huenda asiamke. Treni ya kuvuka daraja la baharini ilichukua dakika thelathini na tano tu. Ni kama Kibaha na Ubungo, ila katikati wamechomeka mpaka.

Simu ikaita. Alikuwa Shebughe, mtoto wa Mwanaidi, akiwa hospitalini.

"Shikamoo dada. Umefika wapi?"

"Marahaba. Nipo langoni."

"Fanya hima, dada. Kila mlango ukifunguka mama anauliza, 'Sikujua huyo?'"

Zamu yake ikafika. "Taja safari yako," mashine ikasema kwa Kiswahili safi kisicho na kwao.

"Nakwenda Kopenhagen kumwona mama yangu, Mwanaidi Shekalaghe. Anaumwa."

Nyekundu. "Mama yako, Mwanamkuu Shekalaghe, alifariki Korogwe mwaka 2058. Kauli si kweli."

Ofisa wa zamu, mwanamke wa makamo aliyeitwa Birgitta, akasogea. Kitafsiri kidogo kwenye kola yake kiligeuza Kiswidi chake kuwa Kiswahili. "Umedanganya kitu gani?"

"Sijadanganya! Ni mdogo wake marehemu mama. Kwetu huyo ni mama. Kanilea tangu nina miaka miwili, kanisomesha mpaka hapa unaponiona."

"Nakuamini, lakini lango halifunguki kwa mkono siku hizi." Birgitta akatikisa kichwa. "Sijui nani aliifundisha hii mashine Kiswahili."

Aliyeifundisha alikuwa Sikujua mwenyewe. Miaka tisa nyuma mamlaka ya mipaka ilimpa orodha ya maneno, na kila neno lilikuwa na nafasi ya maana moja. Alibishana asubuhi nzima: kuna mama mdogo, mama mkubwa, mama mkwe, hata muuza maandazi ni mama. Mkuu wake akamwambia mashine ya ukweli haiwezi kukaa na neno lenye milango mingi. Muda wa chakula ulikuwa umekaribia na njaa inamuuma, akaandika: mama, mwanamke aliyekuzaa. Mwana, uliyemzaa. Wazazi walimwita Sikujua, lakini siku ile alijua, na aliandika.

"Damu inaonyesha ni jamaa yako; unaruhusiwa kusahihisha neno 'mama' mara moja," mashine ikasema. "Tamka kwamba huyo si mama yako. Sauti yako itapelekwa kwa mwenyeji unayemwendea athibitishe."

"Asisikilizishwe. Mpelekeeni maandishi."

"Mwenyeji husikilizishwa sauti."

Treni ya saa tano kasorobo ilikuwa imeshaingia, milango wazi. Nyuma yake mtu akaguna kwa kukosa subira. Sikujua akafumba macho.

"Mwanaidi Shekalaghe si mama yangu."

Aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Alitamani ayameze maneno yale, lakini yalishavuka daraja kabla yake.

Dakika ikapita. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka kwenye bamba, nyembamba, inayovuta pumzi kwa shida.

"Nimemsikia. Kasema kweli, sikumzaa mimi. Mimi si mama yake. Haya, mfungulieni mwanangu apite."

Nyekundu. "Kauli ya mwenyeji si kweli kwenye neno 'mwanangu'. Mwenyeji arudie."

"Mama, we sema tu wanavyotaka," sauti ya Shebughe ikasikika kwa mbali. "Muda unakwisha."

Bamba likabaki na pumzi tupu. Sikujua akaligonga kwa viganja viwili. "Sema, mama! Sema tu, mimi najua!" Kengele ya treni ikalia mara ya kwanza. Birgitta akageuka akatazama ukutani.

"Si mwanangu," Mwanaidi akasema, taratibu, neno baada ya neno. "Sina mtoto Malmo."

Taa ikawaka kijani. "Kauli ni kweli," mashine ikasema, na lango likafunguka.