Mkono wa Mhasibu

Ngumi ya kwanza ilimpata aliyeistahili. Ya pili ndiyo iliyoleta mapenzi.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, zile hesabu za kodi za mwaka. Ofisi ya kodi imefurika watu hadi ngazini, feni zimekufa, jasho linanuka, kila mtu ana karatasi mkononi na wasiwasi tumboni. Jamaa mmoja mwenye shingo nene akaingia, akamsukuma bibi mmoja aliyekuwa mbele, akasimama mahali pake bila hata kutazama nyuma. Nyuma ya bibi huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke wa miaka thelathini hivi, ovaroli ya bluu iliyotobolewatobolewa na moto, kilemba chekundu kichwani. Mtaani walimwita Cheche, na si kwa sababu ya kazi yake peke yake.

"Wewe! Rudi nyuma."

"Nisiporudi utanifanya nini?"

Lo! Kuna maswali mtu huuliza akajuta kabla hajafunga mdomo. Ngumi ikatua kwenye meno, damu ikaruka, karatasi zikapaa. Shingo nene naye hakuwa mnyonge, akamkamata Cheche kilemba. Hapo akajitosa katikati mwanamume mwembamba wa shati jeupe, "Jamani, jamani, sote tuna shida moja!" na ngumi ya pili ikavunja kioo cha miwani yake na kumpasua nyusi.

"Mungu wangu! Kaka, sikukulenga wewe."

"Ungenilenga ungenikosa," akasema yule bwana, damu ikimchuruzika hadi kwenye kola.

Kumbe alikuwa mhasibu, amebeba mafaili ya wateja kumi na mmoja. Akamkalisha Cheche kwenye ngazi, akamjazia fomu akichungulia kwa kioo kimoja kilichobaki, huku Cheche amemkandamizia kilemba kwenye nyusi.

"Una mkono mzito, dada."

"Na wewe una mdomo mwepesi."

"Namba ya simu?"

"Si nimeshaiandika hapo kwenye fomu?"

"Hiyo ni ya serikali. Mimi nataka ya kwangu."

Cheche akacheka mpaka askari wa mlangoni akageuka. Tangu siku hiyo akamwita Miwani, na mwaka mzima wakawa chanda na pete. Asubuhi simu, mchana simu. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula vumbi la chuma, njoo unilishe." Mteja mmoja alipomtukana Miwani hadharani, Cheche alimfuata mpaka kwenye gari lake akampiga vibao viwili. Miwani alijidai kukasirika, lakini jioni alimwambia, "Wewe ndiye jeshi langu." Wakacheka wote wawili. Kicheko kile, nasema, ndicho kilichowaponza.

Maana Cheche, aliyemkabili kila mtu, aliogopa kitu kimoja duniani: bahasha ya ofisi ya kodi. Ikifika hafungui. Anaitupa kwenye kopo la vijiti vya kuchomelea, anafunika. Karakana ile aliijenga mwenyewe, paa lake alilichomelea kwa mkono wake. Wakiifunga, yeye na mama yake watakula nini?

Msimu wa ritani ukarudi. Mwezi mzima kabla, Miwani alikuwa amemwonya: "Wiki ya mwisho nazima simu, nafunga mlango. Nikisumbuliwa nakosea, na nikikosea mtu anapigwa faini."

"Hata mimi hunipokei?"

Miwani akatabasamu tu. Cheche akalichukua tabasamu kuwa jibu.

Jumatatu simu haipatikani. Jumanne haipatikani. Jumatano Cheche hakulala, chakula hakipiti, akaunguza mlango wa mteja aliokuwa akiuchomelea, akarusha nyundo ukutani ikabomoa plasta. Alhamisi asubuhi, zikiwa zimebaki siku mbili, roho ikamshinda. Akalipindua lile kopo, akachana bahasha iliyoangukia juu.

*Hujawasilisha ritani. Biashara yako itafungwa.*

Masikio yakaziba. Miwani amenila, akajisemea. Amenilaghai mwaka mzima, na kazi yangu hajaifanya! Akashika spana namba thelathini na mbili na ile barua, akatoka mbio.

Ofisi ya Miwani ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la kunakili karatasi. Cheche akaupiga mlango teke, komeo likang'oka. Miwani akaruka kitini, ndevu za siku nne, chai imeganda kando ya kompyuta.

"Cheche? Kuna nini, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi! Wanakuja kunifungia karakana, wewe umezima simu!"

"Ngoja kidogo, nionyeshe..."

Hakungoja. Kabati la mafaili likaenda chini. Kiti kikapasua dirisha. Meza akaishika kwa mkono mmoja kuipindua, Miwani akauweka mkono wake wa kulia juu ya kompyuta kuikinga, na spana ikashuka. Cheche mpaka leo ataapa kwamba alilenga meza. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu.

Miwani hakupiga kelele. Alikaa sakafuni amekumbatia mkono, midomo imekuwa ya kijivu, akaitazama ile barua iliyomwangukia magotini.

"Soma tarehe," akasema.

"Nini?"

"Soma tarehe, Cheche."

Akasoma. Barua ilikuwa ya mwaka juzi. Ndiyo iliyokuwa ikimwinda siku ile waliyokutana, na shauri lake lilikwisha siku ile ile, ngazini.

"Yako niliiwasilisha wiki tatu zilizopita," Miwani akasema kwa pumzi za shida. "Ya kwanza kabisa. Nilitaka nikuletee risiti Jumamosi, nikuone ukicheka."

Daktari akasema mifupa miwili imevunjika, akaufunga mkono plasta hadi kwenye kiwiko. Ijumaa asubuhi, saa tatu, Miwani alikuwa amerudi ofisini, akibofya kwa kidole kimoja cha kushoto. Wateja kumi na saba walibaki. Mfumo wa kodi mtandaoni unafungwa saa kumi na mbili jioni. Cheche akatokea mlangoni, macho yamevimba kwa kulia.

"Nisamehe."

"Nimesikia. Umesema mara arobaini hospitali."

"Basi niwe mkono wako. Wewe sema, mimi nabofya."

Miwani akatazama rundo la mafaili. Hakuwa na mtu mwingine. Akakisogeza kiti chake mbali kidogo, akasema, "Anza na faili la kijani."

Yule aliyekuwa akitetemeka kwa kuona bahasha tu sasa akajaza ritani za watu. Mgongo unauma, vidole vinene vinakanyaga herufi mbili mbili. "Futa." "Nimefuta." "Siyo hiyo, Cheche." "Samahani." Saa saba simu ikalia. Mama yake.

"Mhasibu anaendeleaje?"

"Nimemwomba msamaha, mama. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, nikamlipia."

"Baba yako naye aliponing'oa jino alinipeleka mwenyewe kwa daktari. Alikuwa hodari wa kuomba msamaha yule, sijaona."

"Mama! Mimi siyo baba."

"Sijasema wewe ni baba, mwanangu. Nimesema alikuwa hodari."

Cheche akakata simu. Akaikaza mikono kwenye kibodi, akaendelea.

Saa kumi akaingia muuza matairi, pande la mtu, jasho linamtiririka. "Ritani yangu iko wapi? Mnalala hapa!" Akamkamata Miwani kola, akamtikisa hata ule mkono wa plasta ukagonga ukuta. Cheche akainuka, ngumi imeshakunjwa.

"Kaa chini!" Miwani akapiga kelele. Hakumpigia muuza matairi. Alimpigia yeye.

Cheche akakaa. Muuza matairi akamsukuma kichwa, akamwita mwanamke jike dume, mshenzi, na mengine yasiyoandikika. Cheche akameza yote, akabofya, akaigeuza kompyuta amwonyeshe. "Yako imepokelewa. Tazama." Jamaa akatazama, akapoa, akatoka bila hata asante.

Saa kumi na mbili kasoro dakika saba, ritani ya kumi na saba ikapokelewa. Chini barabarani watu walikuwa wakipiga honi, wengine wakikumbatiana na karatasi zao. Miwani akaegemea ukuta, akacheka kicheko cha uchovu, na Cheche akahisi moyo umefunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alimpenda mtu huyu jamani, alimpenda mpaka kifua kinauma.

"Nioe," akasema. "Nakwambia kweli. Nioe, nikupikie, nikubofyie mpaka uzeeni."

Miwani akacheka tena. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, na Cheche akainua mkono amfute.

Kiti kikaanguka. Miwani alikuwa amejikunja kwenye kona, macho ameyafumba, mkono wa plasta ameukinga usoni.

Honi ziliendelea kulia. Baada ya muda akaushusha mkono polepole, akamwona Cheche amesimama pale pale, kiganja bado kiko hewani.

"Samahani," Miwani akasema. "Sikukusudia. Ni mwili tu."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Cheche akayasikia tena maneno ya mama yake juu ya baba. Akarudi nyuma hatua mbili, akaketi sakafuni, akaikalia mikono yake.

"Sikugusi," akasema. "Nitakaa hapa hapa. Ukitaka niondoke, sema tu."

Miwani alilia, bila kujificha, machozi yakitiririka hadi kwenye ndevu.

"Nakupenda, Cheche. Sijaacha hata dakika moja."

"Najua."

"Ondoka, mpenzi."

Cheche akainuka. Alipita mbali naye, akiambaa ukuta ili asimtishe, akatoka kwa ule mlango usio na komeo.